Kabla hujapaka rangi tena: unyevu, chumvi na kuvu katika nyumba za pwani

Rangi ilipakwa Februari. Masika yamepita, na sasa ni Juni imevimba tena palepale, shubiri mbili juu ya sakafu. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka na kumwaga unga mweupe. Chumba cha watoto hakina unga huo, ila nyuma ya kabati ukuta una madoa meusi na nguo zinanuka uvundo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja zina vyote viwili, na watu huviita kwa jina moja, "fangasi", kisha huvitibu kwa dawa moja, yaani ndoo nyingine ya rangi.

Unga mweupe ni chumvi. Haina uhai, imebebwa na maji yanayopita ndani ya ukuta, na maji yanapokauka usoni inabaki. Madoa meusi ni kuvu, kiumbe hai kinachokula vumbi, karatasi, mbao na gundi iliyomo kwenye rangi, mradi uso wa ukuta ubaki na unyevu. Matibabu yake ni tofauti kabisa. Chupa ya kupulizia maji itakuambia ni kipi ulicho nacho: chumvi huyeyuka na kupotea ikipuliziwa, kuvu hubaki. Na kama unashuku kwamba doa jeusi ni moshi au vumbi tu, ligusishe tone la dawa ya klorini ya kufulia: kuvu hufifia baada ya dakika chache, moshi haubadiliki.

Kinachoviunganisha viwili hivi ni maji. Kwa hiyo usinunue chochote kabla hujajua maji yanaingilia wapi.

Kuusoma ukuta

Maji yanayopanda kutoka ardhini hayafiki mbali. Mara nyingi huishia chini ya mita 1, mara chache hukaribia mita 1 na nusu, na pale yanapoishia huacha mstari unaokwenda sambamba na sakafu, chumvi ikiwa imejikusanya juu yake. Ukiona alama ya namna hiyo ghorofani, achana na msingi wa nyumba, tafuta bomba au bafu.

Doa lililo karibu na dari, lenye kingo za rangi ya chai, ni la paa. Michirizi inayoanzia kwenye kona za chini za dirisha ni mvua ya upepo inayopenya kati ya fremu ya aluminiamu na ukuta, kwa kawaida kwa sababu silikoni imekauka na kuachia. Doa lisilojali msimu, bichi Januari kama lilivyo Aprili, na upande wa pili kuna bafu au sinki, ni bomba. Madoa madogomadogo kama pilipili manga iliyomwagika, kwenye kona, nyuma ya samani au kwenye dari ya bafu, ni jasho la hewa ya ndani.

Bomba linahakikiwa kwa mita. Usiku funga koki zote, andika namba za mita pamoja na zile nyekundu za mwisho, mtu asitumie maji, soma tena alfajiri. Zikiwa zimesogea, kuna mahali yanatoka. Kama nyumba inatumia tangi la juu, mita itakudanganya kwa sababu tangi linajaa usiku. Funga maji yanayoingia kwenye tangi na uweke alama ya kiwango chake kwa kalamu.

Pale unapobaki na mashaka kati ya maji ya ndani ya ukuta na unyevu wa hewa, tumia kipande cha nailoni. Kata nailoni nene ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani au sakafuni kwa utepe mpana wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo, uiache siku 1 hadi 2. Matone yakiwa chini ya nailoni, maji yanatoka ndani. Yakiwa juu yake, yametoka hewani. Kwenye ukuta wenye chumvi utepe haushiki. Sugua unga kwanza kwa brashi kavu, la sivyo asubuhi utaikuta nailoni sakafuni na jaribio halina maana.

Mtego wa chumvi ya bahari

Pwani kuna ukuta unaolowa bila kuvuja popote, na huu ndio unaowamaliza watu fedha. Chumvi ya kawaida, ileile ya jikoni, huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75. Asubuhi nyingi hewa ya pwani iko juu ya hapo. Kama tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni, au lipu ilichanganywa kwa maji ya kisima yenye chumvi, ukuta wenyewe unakunywa hewa. Kipimo chake unacho jikoni: siku ambazo chumvi ndani ya kopo inashikana na kulowa, ukuta nao unakuwa na mabaka meusi ya maji, mchana jua likikaza, mabaka yanapotea. Mabaka yanayokuja na kuondoka hivyo, mvua isiponyesha, ni ya chumvi.

Fundi akikuambia atatibu ukuta wa namna hiyo kwa kuweka DPC, yaani kizuizi cha maji yanayopanda kutoka ardhini, usikubali. Hakuna maji yanayopanda. Dawa ni kuitoa chumvi, yaani kubandua lipu iliyoibeba. Na kama chumvi imo hadi ndani ya tofali, lipu mpya ichukulie kama kitambaa cha kunyonya: itavuta chumvi kutoka kwenye tofali kwa miaka kadhaa, kisha itabanduliwa na kupigwa nyingine. Ni vizuri mwenye nyumba alijue hilo mapema kuliko kugombana na fundi kila mwaka.

Nje kwanza, na jembe

Kwa nyumba zenye maji ya ardhini kweli, kisa kinachojirudia ni hiki. Nyumba ilijengwa vizuri, karatasi ya DPC ikalazwa juu ya msingi. Baada ya miaka mitano uwanja ukajazwa kifusi, vikapangwa vitofali vya sakafu ya nje, bustani ikaegemezwa ukutani. Sasa udongo uko juu ya DPC, na maji yanaingia ukutani kwa kupita juu ya kizuizi chenyewe. Hakuna rangi wala dawa itakayoshinda hapo.

Uso wa ardhi ya nje unatakiwa uwe angalau sentimita 15 chini ya DPC. Kama huijui ilipo, itafute kwenye mstari wa chini kabisa wa udongo wa saruji juu ya jamvi, yaani zege la sakafu. Ukikwangua taratibu utaona ukingo mweusi wa karatasi. Udongo ukiwa juu, uchimbe uushushe. Ikishindikana kushusha uwanja mzima, chimba mfereji kando ya ukuta, upana sentimita 30 na kina sentimita 30, ujaze kokoto safi, na uhakikishe mfereji una pa kumwagia. Mfereji usio na mtokeo ni bwawa la kuloweka msingi. Uwanja uteremke kutoka kwenye nyumba kwa sentimita 2 hadi 5 kila mita.

Kisha gata. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, na bila gata lita zote hizo zinaangukia miguuni pa ukuta. Zile tope zilizorukia ukutani hadi magotini ndizo ushahidi. Gata lenyewe lisiishie kwenye bomba linalomwaga chini ya kona ya nyumba. Lisogeze hadi kwenye tangi au mtaro. Angalia pia umbali wa shimo la maji machafu. Shimo lililojaa karibu na ukuta wa choo hulowesha msingi mwaka mzima, na kwa kuwa maji yake yana chumvi za mkojo, ukuta hauponi hata baada ya kulinyonya.

Baada ya kazi ya nje, ngoja msimu mmoja kama unaweza. Kuta nyingi hupona kwa hatua hii tu, na utakuwa umetumia jembe na kokoto.

Kubandua na kupiga lipu upya

Kwa ukuta ambao lipu yake imeshaoza:

1. Bandua lipu hadi sentimita 50 juu ya mstari wa chumvi, sio hadi pale macho yanapoona ubovu. Chumvi imetangulia mbele ya doa.
2. Kwangua viungo vya tofali kwa kina cha sentimita 1 hadi 2.
3. Sugua kwa brashi ngumu, kavu, unga ukidondokea kwenye turubai, kisha ukatupwe mbali. Usioshe kwa maji: maji yanaiyeyusha chumvi na ukuta unainywa tena. Rudia baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki nyingine, maana chumvi mpya itakuwa imetoka.
4. Uache wazi. Kanuni ya mafundi ni mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa tofali za inchi 6 uliolowa kisawasawa unahitaji miezi 3 ukikaukia pande zote mbili, na hadi 6 ukikaukia upande mmoja.
5. Piga lipu mpya: ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa, ndoo 6 za mchanga. Pima kwa ndoo ileile, sio kwa koleo. Ndoo ya lita 20 itakupa lipu ya kutosha mita za mraba 7 hivi kwa unene wa milimita 15.

Mchanga uwe wa mtoni, na uoshwe. Ili kujua kama una udongo mwingi, tia mchanga nusu ya chupa safi, jaza maji yenye kijiko cha chumvi, tikisa, uache saa 3. Tope litakaa juu kama tabaka jembamba. Likizidi milimita 4 hivi juu ya mchanga wa milimita 50, tafuta mchanga mwingine. Chumvi ya kipimo hiki ni ya chupani tu, mchanga huo usirudi kwenye kazi.

Mafundi wengi watapendekeza lipu kali ya saruji 1 kwa mchanga 4 yenye unga wa kuzuia maji, kilo 1 kwa mfuko wa kilo 50. Lipu hiyo ina mahali pake: ukuta ambao upande wa pili una udongo wa jirani na huwezi kuuchimba. Lakini haiondoi maji, inayafungia. Yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, na mwaka ujao mstari wa chumvi utauona juu ya ukingo wa lipu mpya, usawa wa soketi za umeme. Pale chanzo kimekwisha kukatwa, lipu yenye chokaa ni bora kwa sababu inaachia unyevu uliobaki utoke polepole.

Kama nyumba haina DPC kabisa, ipo dawa nzito kama krimu ya kusukumia ndani ya ukuta. Matundu ya milimita 12 hutobolewa kila sentimita 12 kwenye kiungo cha chini cha tofali, sentimita 15 au zaidi juu ya uso wa nje. Kwa ukuta wa sentimita 15 tundu liende sentimita 13. Inafaa kwa tofali nzima. Kwenye tofali zenye matundu dawa inamwagikia uwazini na hela imepotea. Njia ya zamani ni kukata ukuta vipande vipande, kila kipande kisizidi mita 1, ukiruka kimoja na kurudi, na kuingiza karatasi ya DPC. Ni kazi ya fundi anayejua kushikilia ukuta, isifanywe kwa majaribio.

Wiki 4 za kukauka kwa lipu, kisha rangi ya maji isiyong'aa. Rangi ya mafuta chini ya mita 1 ni kosa, hata kama inasafishika vizuri watoto wakichora. Puti ya jasi pia isishuke huko chini. Jasi hulainika ikilowa. Tumia ya saruji. Na usifunike ukuta mbichi kwa vigae au mbao za plastiki za mapambo, kwa sababu nyuma yake utakuwa umejenga shamba la kuvu lisiloonekana.

Nyumba za mawe na chokaa

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Bagamoyo zina sheria yao. Kuta zake za matumbawe, nene kuliko urefu wa mkono hadi kiwiko, zilijengwa ziwe zinalowa na kukauka. Chokaa inapitisha pumzi ya maji. Mtu akizipiga lipu ya saruji, maji yaliyomo yanakosa njia, yanakwenda kuozesha ncha za boriti za mikoko zilizopachikwa ukutani, na dari inaanza kulegea bila dalili yoyote usoni pa saruji nzuri. Zibandue saruji hizo kidogokidogo, kwa tindo nyembamba, maana matumbawe yanang'oka nazo.

Lipu ya kurudishia ni chokaa iliyolowekwa 1 kwa mchanga 3, koti lisizidi sentimita 1. Ukuta uloweshwe kabla, na koti lifunikwe kwa magunia mabichi kwa wiki nzima, kwa sababu chokaa inayokaushwa na jua inakuwa unga. Badala ya rangi ya dukani, paka chokaa nyepesi kama maziwa, makoti 3 hadi 4, kila moja juu ya ukuta uliopuliziwa maji. Koti la kwanza litaonekana kama halijapakwa. Usiongeze uzito, subiri likauke na weupe utakuja. Mji Mkongwe na Lamu ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, tangu 2000 na 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa upande wa nje pitia kwanza kwenye mamlaka ya mji.

Paa

Doa la dari karibu kamwe haliko chini ya tundu. Maji huingia juu, hutambaa kwenye mbao za paa, papi na kenchi, hudondoka yanapokutana na msumari au kiungo. Panda darini mchana wa jua kali, zima taa, na utafute nukta za mwanga, ziwekee alama. Bila mwanga unaoonekana, mtu mmoja apande na mpira wa maji, aanze kulowesha sehemu ya chini ya paa kwa dakika 10, kisha asogee juu sehemu kwa sehemu, wewe ukiwa ndani na tochi. Akianzia juu, maji yatapita kila mahali na hutajua lolote.

Vinavyoharibika kwanza ni raba za misumari, ambazo jua huzipasua, na kofia ya mgongo wa bati. Msumari uliolegea usipigwe nyundo urudi. Ung'oe uweke skrubu nene zaidi yenye raba mpya.

Paa la kuficha, lile lenye ukuta unaozunguka juu, linahitaji uangalizi kila mwaka kabla ya masika. Mfereji wake wa ndani uteremke sentimita 1 kwa kila mita, na uwe na tundu la dharura la kumwaga nje maji bomba likiziba kwa majani. Tundu hilo mafundi wengi hulisahau, na bila hilo mvua kubwa inamwagikia ndani ya nyumba. Kichwa cha ukuta huo nacho kiwe na mteremko na ukingo unaochomoza, la sivyo maji yanashuka katikati ya tofali hadi kwenye linta.

Jasho la hewa, na kiyoyozi

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hugeuka maji ikigusa kitu chenye nyuzi 26. Hii ndiyo hesabu ya chumba kilicho jirani na chumba chenye kiyoyozi. Kiyoyozi kinawekwa nyuzi 18 usiku kucha, ukuta wa kati unapoa, na upande wa pili, ambako hakuna kiyoyozi ila kuna kabati lililobanwa ukutani, unatoka jasho usiku wote. Wenye nyumba hutafuta bomba lililopasuka na hawalioni. Weka nyuzi 24 hadi 26, funga madirisha wakati kinafanya kazi, na hakikisha bomba lake la maji halimwagi kwenye ukuta wa nje.

Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 3, kwa hewa ileile, kina karibu lita 0.9 za maji yanayoelea. Hayo tumezaliwa nayo. Tatizo ni yale tunayoongeza: mtu mmoja aliyelala hutoa karibu nusu lita kwa usiku kwa pumzi na jasho, nguo zilizokamuliwa kwa mkono na kuanikwa ndani hutoa lita kadhaa, na kila kilo 1 ya gesi ya kupikia ikiungua inazaa kilo 1 na nusu ya mvuke. Pika ukiwa umefungua dirisha la jikoni na kufunga mlango wa ndani. Nguo zianikwe barazani hata kama zitachelewa.

Madirisha yafunguliwe saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, hewa inapokuwa kavu kuliko saa nyingine. Ya alfajiri ndiyo yenye asilimia kubwa zaidi ya unyevu. Fungua pande mbili zinazotazamana. Siku za mvua feni inasaidia kuliko dirisha, kwa kuwa inausogeza uso wa ukuta karibu na joto la chumba na haiuachi na hewa iliyolala. Bafu lisilo na dirisha halina njia nyingine ila feni ya kutoa hewa inayomwaga nje, sio darini, na iachwe ikizunguka dakika 20 baada ya kuoga.

Kipima unyevu cha bei ndogo kitakuonyesha unakokwenda. Lengo ni chini ya asilimia 60. Pwani bila mashine hutalifikia masika, na si lazima. Kinachotakiwa ni uso wa ukuta usikae juu ya asilimia 80 siku nyingi mfululizo. Chumba cha vitabu au nguo za thamani kinaweza kustahili mashine ya kukausha hewa, au kiyoyozi kikiwekwa kwenye hali ya kukausha. Makopo ya mkaa na vifuko vya karafuu vinapunguza harufu tu.

Huko juu, Lushoto, Njombe au Limuru, kuvu huja Juni hadi Agosti kwa sababu vyumba hufungwa kwa baridi. Watu huwasha jiko la mkaa ndani ili kukausha chumba. Usifanye hivyo hata mara moja. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Kuifuta kuvu

Chumvi husuguliwa kavu, kuvu hufutwa mbichi. Ukisugua kuvu kavu unarusha mbegu zake chumba kizima, na mwenye pumu ataumwa usiku huohuo. Watoto, wazee na wagonjwa wa kifua watoke. Zima feni, fungua dirisha, vaa glavu za mpira na barakoa ya N95; ile ya kitambaa haizuii mbegu hizo.

Pulizia doa maji ya sabuni hadi lilowe, futa kwa tambara kutoka pembeni kuelekea katikati, na tambara liingie kwenye mfuko, lisisuuzwe kwenye ndoo ileile. Baada ya sabuni, juu ya lipu au vigae, paka dawa ya klorini ya kufulia: kwa ile ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji. Ikae ikiwa mbichi dakika 10, kisha suuza. Sasa ndipo uwashe feni. Usiichanganye na siki, limao, dawa ya choo wala ya vioo yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa gesi inayochoma mapafu, na bafu dogo linajaa kwa sekunde chache. Ichanganye upya siku ya kazi, kwani ikikaa nguvu inaisha.

Kwenye mbao klorini haina faida kubwa, inang'arisha juu na maji yake yanaingia ndani kulisha mizizi. Osha kwa sabuni, anika, piga msasa mbao ikishakauka, ukiwa na barakoa. Dari ya jipsamu iliyoota kuvu kwenye karatasi yake haisafishiki: ikate hadi sentimita 30 nje ya doa, baada ya kuziba paa, na kipande kifungwe kwenye nailoni kabla ya kupitishwa sebuleni. Eneo likizidi mita 1 ya mraba, mpe kazi mtu mwenye vifaa. Maji ya mafuriko yakiingia ndani una saa 24 hadi 48 za kukausha. Baada ya hapo mazulia, magodoro na mbao za unga zilizobanwa zinaanza kuota, na nyingi hazistahili kuokolewa.

Godoro lisilazwe juu ya vigae. Joto la mwili likisukuma jasho chini, linakutana na sakafu baridi, na baada ya wiki chache upande wa chini una madoa. Liweke juu ya chaga zenye nafasi ya vidole viwili, uligeuze kila wiki mbili. Kabati likae sentimita 10 kutoka ukutani na lisimame kwenye miguu. Mgongo wake ukitobolewa matundu machache juu na chini, hewa itapita. Viatu vya ngozi vifutwe kwa kitambaa kikavu, vipakwe rangi yake, visiwekwe kwenye mfuko wa plastiki.

Unayejenga sasa

Simama eneo la ujenzi siku tatu tu, ndizo zenye thamani. Siku ya kumwaga jamvi, uone nailoni ya geji 1000 ikilazwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, vipande vikipandiana sentimita 30, na kipandishwe ukingoni kikutane na DPC. Siku ya kulaza DPC, uone inapita upana wote wa ukuta na kupandiana sentimita 15 kwenye maungio na pembeni, bila kutobolewa na nondo ovyo. Na siku lori la mchanga linapofika, kabla halijamwaga, chukua kiganja cha mchanga, utie maji kidogo ya kunywa, uyaonje kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, lirudishe.